Jibu: Paka anachana kochi, kandambili haisaidii

Habari ndugu. Umesema paka wako anachana kochi kila asubuhi, unamchapa kwa kandambili, na sasa anasubiri utoke ndiyo aendelee. Kandambili iache kabisa. Anachojifunza hapo ni kukuogopa wewe, siyo kuliacha kochi.

Kwanza angalia: ana kitu kingine cha kuchana? Paka lazima achane. Ndivyo anavyovua ganda la nje la kucha, anajinyoosha na kuacha harufu yake. Wangu hapa Nkuhungu, Dodoma, alichana mkono wa kochi hadi sponji ikatoka nje. Nilichukua nguzo iliyobaki shamba la zabibu, nikaikata kama sentimita 90, nikaipigilia kwenye ubao mpana isiyumbe, nikaizungushia gunia la katani. Usiiweke uani jamani! Iweke palepale anapochana, maana akiamka tu anajinyoosha. Kochi nililifunika blanketi. Akichana gunia, nampa dagaa mmoja papo hapo. Ilichukua kama wiki tatu.

Kucha punguza ncha tu. Ukifika kwenye ile sehemu ya pinki anatoka damu, na anaumia sana.