Kodi za baa kwenye gitaa: si lazima ukamate waya zote sita

Wadogo zangu mnaoanza gitaa, mimi nilikaa karibu mwaka mzima nabana kodi (chord, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja) za F na G kwa baa kamili, yaani kidole cha shahada kimelala waya zote sita, mkono unawaka mpaka kwenye kiwiko, na nikajua ndo upigaji wenyewe huo. Siku moja mpiga besi wetu kwaya akaniambia kaka, noti za chini niachie mimi, we nipe za juu. Hapo ndo nikakaa chini kuhesabu. Kodi ya meja (major) ina noti tatu tu, G ya baa pale freti ya 3 (freti ni zile nafasi kati ya vyuma vya shingoni) waya zinalia G, D, G, B, D, G, yaani G umeibeba mara tatu!

Sasa fanya hivi. Hapohapo freti ya 3 shahada ilaze waya wa 1 na wa 2 tu, zile nyembamba, cha kati waya wa 3 freti ya 4, cha pete waya wa 4 freti ya 5, na ncha yake iuguse waya wa 5 usilie. Waya wa 6 ukamate kwa dole gumba kupitia juu ya shingo, yule mpiga gitaa maarufu Jimi Hendrix alikuwa anafanya sana hivyo, ila kama kiganja kidogo usijiumize, usiupige kabisa. Umeona kidole cha mwisho hakina kazi? Kipeleke waya wa 2 freti ya 5 unapata E, kodi inakuwa G6, tamu mno. Au waya wa 1 freti ya 5 unapata A. Kiweke, kitoe, kiweke, kodi ikiwa bado inalia.

Ninayoipenda mimi ni C. Laza shahada freti ya 5 waya wa 4, 3 na 2 basi, hapo una G, C, E. Piga, halafu bila kuinua shahada dondosha kwa pamoja cha kati waya wa 2 freti ya 6 na cha pete waya wa 4 freti ya 7, tayari uko F, vitoe umerudi C. Mwanzoni vidole vitafika kwa kupishana, kimoja kinawahi kingine kinachelewa, we punguza spidi mpaka vitue pamoja, halafu sogeza yote freti ya 7 upate D na G.