Simu ya maneno mawili

Somoe mwanangu,

Barua yako imefika hapa Lindi, nasi hatujambo. Mama yako yuko Mingoyo kwa dada yake, kwa hiyo utanivumilia mimi. Umeuliza: ukikaa mwezi mzima bila kuandika amba- (ambaye, ambacho na wenzao), uandishi wako utanyooka? Na umeniletea habari za yule Mfaransa, Georges Perec, aliyetoa riwaya nzima mwaka 1969 bila herufi e. Haya, yeye na e yake. Sisi tukiiacha a tutaishije? Kula hakuna, kulala hakuna, hata kufa hakuna. Tunabaki kusubiri na kurudi.

Mimi najua jambo moja: neno hulipiwa. Nilijifunza dirishani posta. Bibi yako alipotoka hospitali, 1984, nilitumwa nimpelekee baba yako mkubwa simu ya maandishi Dar es Salaam. Niliandika vizuri tu: mama katoka hospitali, hajambo, yuko nyumbani anapumzika. Karani akahesabu kwa ncha ya kalamu. Hela haikutosha (nyingine nilikwishanunulia sigara, bibi yako hakulijua hilo mpaka mwisho). Nikakata, nikakata tena, yakabaki mawili: MAMA AMEPUMZIKA. Nikayaona matamu, nikajisifu njia nzima.

Siku ya nne baba yako mkubwa akashuka na sanda. Alivuka Rufiji kwa pantoni, mvua inapiga, gari linakwama, analia. Akamkuta marehemu kaketi uani anapeta mchele. Wewe umekua ukimsikia akinipigia simu: "Leo nani amepumzika?" Mnacheka. Nami hucheka, lakini uso wake siku ile sijausahau. Bibi yako akasema sanda isirudi Dar, itamfaa. Ilipomfaa kweli, daraja la Mkapa lilikwishafunguliwa, 2003, na kaka yangu akawahi maziko. Safari hiyo nilimpigia, nikasema yote.

Sasa amba- yako. Nyingi ni uvivu. "Kitabu ambacho nilikisoma" ni "kitabu nilichokisoma", umeokoa neno zima, na neno hulipiwa. Tenzi za shangazi yako zina mizani nane kwa kipande. Ukipakia "ambacho" mle, imebaki mitano tu ya kusemea. Kwa hiyo iache.

Lakini ngoja. "Mtu ambaye amefika" utamfanyaje? Kwenye -me- huwezi kupachika -ye-. Utaandika "aliyefika", naye aliyefika pengine keshaondoka zake. Utakata, utajisifu, na mtu atapanda gari na sanda. Ila usipojifunga hata siku moja, utaijuaje tofauti hiyo? Mimi mwenyewe ningeijua wapi?

Unaona, nimeanza kukuamulia. Jibu ninalo, ulimi unaniwasha, lakini sikupi. Ukijifunga, niletee kurasa mbili nizione. Habari za ile homa yako tu ziandike kamili, na amba- zake zote. Nitalipa mimi.

Baba yako