Usichome sindano Ijumaa jioni

Wadogo zangu mnaoingia chumba cha wanyama kwa mara ya kwanza, nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza tuliwachoma panya weupe 12 bakteria wa E. coli tumboni, Ijumaa saa kumi na moja jioni, tukafunga mlango tukaenda zetu. Jumamosi asubuhi nikakuta saba wamekufa, wa baridi, wawili wameshaanza kuliwa na wenzao. Nikawapasua haraka niokoe wengu na ini, nihesabu bakteria waliomo. Bure tu. Mnyama akishakufa, bakteria huendelea kuzaana ndani ya mzoga, kwa hiyo hesabu utakayopata kwenye sahani ya kuoteshea bakteria haikuambii alikuwa na wangapi akiwa hai. Mateso yote yale, na namba hatukupata.

Kwa hiyo choma asubuhi, saa mbaya zikukute kazini. Na kabla ya sindano, andika daftarini panya akifika hali gani anauawa kwa dawa bila kungojwa afe mwenyewe: amepoteza asilimia 20 ya uzito, au ukimlaza chali hawezi kujigeuza, au joto limeshuka mno. Ndiyo, limeshuka. Maambukizi makali ya damu humpoza panya, hayampandishi homa kama sisi. Kile kipimajoto cha kuelekeza bila kugusa, cha enzi za korona, usikitupe.

Kupunguza idadi ya wanyama, kuwabadilisha kwa njia nyingine na kuboresha wanavyotendewa, kama wanasayansi Russell na Burch walivyoandika mwaka 1959, mtafundishwa darasani. Msilofundishwa ni kusimama kimya. Panya amezoea kuwindwa, hivyo hujikaza akisikia mlango. Ngoja dakika mbili ndipo umtazame: macho amefinya, masikio kayalaza nyuma, manyoya yamesimama. Mtupie kipande cha karatasi laini. Mzima huivutia kiotani papo hapo. Mgonjwa hana habari nayo.

Usimnyanyue kwa mkia. Aingie kwenye bomba la plastiki, au mchote kwa viganja viwili.

Dawa za maumivu? Wakubwa watakwambia zinaharibu matokeo. Za kutuliza uvimbe kweli zinaigusa kinga, lakini hiyo si ruhusa ya kunyima zote. Kaa na daktari wa mifugo mchague, kisha wape makundi yote sawasawa.

Ila kazi nyingi ya kuchuja dozi za dawa zinazojaribiwa haihitaji panya kabisa. Kiwavi wa nondo wa nta, mdudu anayekula masega ya nyuki, anavumilia nyuzi 37, anachomwa sindano ndogo, na akizidiwa anageuka mweusi, unamwona kwa macho. Hatengenezi kingamwili kama zetu, kwa hiyo hatajibu kila swali, lakini dawa dhaifu zinaishia kwake. Mbegu ya viwavi wangu niliipata kwa mzee mfugaji wa nyuki, kwenye masega yasiyopuliziwa dawa, nikawafuga kwenye ndoo. Mpaka leo mzee ananishangaa kwamba nililipia wadudu ambao yeye huwachoma moto.