Kokwa la embe ulilokula: litaota, ila litazaa embe gani?

Mkuu, umeuliza kama mbegu za matunda ya sokoni ukizipanda nyumbani zitakuzalia tunda lile lile ulilokula. Inategemea tunda, na kwa embe inategemea hata ni embe gani.

Kokwa la embe halitaki kukauka. Mimi nikishakula naliosha, naliacha kivulini siku moja lisiteleze, kisha nalipasua ganda ubavuni kwa makasi ya kupogolea na kutoa kiini. Kilichotobolewa na mdudu au kilichokuwa cheusi natupa. Kizima nakilaza kwenye kiriba (mfuko wa kuoteshea miche) chenye udongo na samadi iliyooza, mgongo wake uliobinuka ukiangalia juu, nafukia kidogo tu. Wiki 2 au 3 kinachomoza.

Hapo uangalie vizuri. Kiini kimoja kikitoa miche miwili mitatu, kama yanavyofanya maembe mengi ya kienyeji, mingi kati ya hiyo imetokana na mama peke yake bila mchango wa chavua, hivyo itazaa kama mama. Bakiza ulionyooka na wenye nguvu. Lakini aina za embe kama Kent, Keitt na Tommy Atkins hutoa mche mmoja wenye wazazi wawili, na tunda lake huwezi kulijua mpaka uzae, baada ya miaka 5 au zaidi.

Tafadhali usiung'oe mche huo! Shina likifikia unene wa penseli, ubebeshe, yaani uunganishe na kipande cha mti mwingine. Tafuta mti ambao tunda lake umelionja, ukate kikonyo (ncha ya tawi) ambacho jicho la ncha limevimba ila halijafunguka, ukichomeke kwenye shina la mche wako na kukifunga kwa ukanda wa nailoni mpaka kishike. Mizizi ni ya kokwa lako, matunda ni ya mti uliouchagua, na hutasubiri muda wote ule. Parachichi fanya hivyo hivyo, maana mbegu ya aina ya Hass haikupi Hass. Michungwa na mindimu ya mbegu kwa kawaida hufuata mama, ila ina miiba mingi, na michungwa huchelewa sana kuzaa.

Kama huna subira, panda papai. Sugua mbegu kwa mchanga ule utelezi utoke, maana ndio unaozuia kuota, uanike kivulini. Kila shimo weka miche 3, mahali pasipotuama maji, kwa sababu mizizi yake huoza upesi. Ikianza kutoa maua ndipo unachagua: dume lina maua mengi madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, jike lina ua kubwa lililokaa karibu na shina. Bakiza dume moja kwa majike 10 hivi. Na ukiweza, chukua mbegu kwenye papai refu badala ya la mviringo. Papai refu hutoka kwenye mti wenye ua la jinsia zote mbili, na mbegu zake ni nadra kukupa madume.