Unataka kusoma Chuo Kikuu Huria huku unafundisha kisiwani? Soma hapa kwanza

Wiki iliyopita alinipigia simu mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya msingi huku kwetu Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Baada ya shikamoo na habari za watoto akaniuliza bila kuzunguka: "Dada, Huria panasomeka kweli?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi tangu nilipomaliza shahada yangu ya elimu mwaka 2018, na siku zote nimekuwa nikijibu nusunusu, mara kwenye simu, mara gatini Nansio tukisubiri meli. Leo nimekaa niandike yote.

Panasomeka. Ila ujue chuo hiki hakikupi bweni, hakikupigii kengele, wala hutapata jirani wa chumba cha pili wa kukugongea mlango usiku akukumbushe kuwa kesho kuna jaribio. Wenzetu wanaosoma vyuo vya Mwanza mjini, kule Malimbe au Bugando, wakitoka darasani hukaa nje wakabishana somo hadi giza linaingia. Wewe ukitoka darasani unakuwa umetoka kufundisha. Nyumbani unakuta mtoto analia njaa, madaftari tisini ya kusahihisha, na moduli yako iko palepale ulipoiacha juzi. Maisha ya chuo utayatengeneza mwenyewe, kwa mikono yako, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Tulianza sita kutoka kata mbili jirani. Waliobaki kufika mwaka wa tatu tulikuwa watatu, na wale walioacha hawakuwa wazito kichwani kutuzidi. Walikuwa wanasoma peke yao.

Nianze na historia, kwa sababu bado nasikia watu wakikibeza chuo hiki kana kwamba ni cha walioshindwa kwingine, na maneno hayo yanamvunja moyo mtu kabla hajaanza. Kwa miaka mingi aliyetaka shahada nchini alikwenda Dar es Salaam. Chuo cha pale kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970. Mwaka 1984 kikaongezeka cha Sokoine, Morogoro. Mtu wa Nansio, Magu au Sengerema mwenye ajira na familia alikuwa na mawili: aache kazi au asahau shahada. Sheria ya Bunge Namba 17 ya mwaka 1992 ndiyo iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na Januari 1994 kikazinduliwa rasmi, Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akiwa Profesa Geoffrey Mmari. Makao makuu yake yako Kinondoni, lakini kina vituo mikoani, Mwanza ikiwemo. Ni chuo cha umma, na ni cha tatu kwa umri kati ya vyuo vikuu vya umma nchini. Ukisikia mtu anakibeza, mwambie hivyo.

Tena wazo la mtu mzima kusoma akiwa kazini halikuanza mwaka huo, na sisi wa kandokando ya ziwa tuna sehemu yetu katika habari hii. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana Musoma ikapitisha Azimio la Musoma. Azimio lile lilitaka mambo mawili yanayotuhusu: kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Watoto wakajaa madarasani, walimu hawatoshi, basi wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko kazini. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, hao waliokuwa wakiitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Alisoma kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Aliwahi kunisimulia kuwa betri zikianza kuchoka alikuwa anazianika juani tangu asubuhi ili jioni zipate nguvu ya kumalizia kipindi, na mke wake alikuwa anawatuliza watoto wasipige kelele mpaka mwalimu wa redioni amalize. Nilipokuwa nakata tamaa mwaka wa pili nilizikumbuka sana zile betri.

Sasa habari ya mitihani, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia.

Mtihani wangu wa kwanza niliukosa. Ulikuwa saa nane mchana, Mwanza mjini. Nikapiga hesabu kuwa meli ya asubuhi kutoka Nansio itanifikisha mapema, maana safari yenyewe ni saa tatu na kitu. Nilifika gatini kabla hakujapambazuka vizuri. Ziwa lilikuwa limechafuka, tukaambiwa tusubiri upepo upungue. Tukasubiri. Saa mbili, saa tatu, saa nne. Nikakimbilia njia ya nchi kavu: kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya, kisha gari hadi Bunda, halafu Bunda hadi Mwanza. Nilishuka mjini saa kumi na robo, kalamu na kitambulisho mkononi, na wenzangu wanatoka ukumbini wanaulizana swali la tatu walijibuje. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Mtihani ule niliufanya msimu uliofuata.

Basi sikiliza: vuka siku mbili kabla. Siku moja haitoshi, hasa miezi ile ya upepo kati ya Juni na Agosti. Kama una ndugu mjini, mwombe mapema, na usiende mikono mitupu. Mimi nilikuwa nafikia kwa shangazi Kirumba na mfuko wa machungwa ya huku kisiwani, naye alinipa chumba na akawakataza wajukuu kuniingilia. Kama huna ndugu, unganeni wawili watatu mchukue chumba gesti. Mkiwa wengi mnagawana gharama na mnasoma pamoja usiku. Zile siku chache za mitihani ndizo zilizokuwa kampasi yangu. Tulikuwa tunakula wali maharage kwa mama ntilie yuleyule, tunaulizana maswali tukitembea, na jioni moja moja tunakwenda kukaa upande wa Capri Point tuangalie jua likizama nyuma ya mawe kabla ya kurudi kwenye vitabu. Nimesoma na watu wa Sengerema, Misungwi na Kwimba ambao nisingekutana nao popote, na mpaka leo nikiwa na jambo la kiofisi nawapigia.

Ukirudi kisiwani, usirudi upweke. Sisi tulikubaliana kukutana kila Jumamosi ya pili katika darasa moja la shule pale Nansio, saa nne hadi saa nane. Tulikuwa tunasoma kozi tofauti, na mwanzoni nilidhani tutapotezeana muda. Haikuwa hivyo. Alikuwapo bwana uvuvi aliyekuwa anasoma mambo ya mazingira, na mimi takwimu zilikuwa zimenishinda kabisa. Siku moja akatoa daftari lake la kazini lenye vipimo vya sangara. Sheria ya wakati ule ilitaka sangara avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85, kwa hiyo yeye alikuwa na orodha ndefu ya urefu wa samaki waliopimwa mwaloni. Akanionyesha wastani wao, kisha akanionyesha jinsi wengine wanavyosogea mbali na wastani, huku vidogo vilivyokamatwa kimakosa, kule majitu makubwa. Nilielewa kwa saa moja kitu ambacho moduli ilinisumbua miezi miwili. Mimi nikamlipa kwa kumsomea insha zake na kumnyooshea lugha. Kundi la WhatsApp tulikuwa nalo pia, na linasaidia kwa matangazo, lakini mtu anaweza kunyamaza kwenye kundi mwaka mzima usijue kuwa ameacha chuo. Jumamosi asipotokea unajua, unampitia nyumbani.

Mengine ni mafupi. Ukiwa mjini kwenye intaneti nzuri, pakua vitabu na moduli zote za msimu, uziweke kwenye simu na kwenye flashi, kwa sababu kununua bando la kupakulia kutoka kijijini kutakumaliza. Kila risiti ya malipo ipige picha. Maktaba ya mkoa ipo, itumie.

La ruhusa lichukue kwa uzito. Andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri yako kupitia kwa mwalimu mkuu wako kabla hujajisajili, na nakala iliyopokelewa uihifadhi. Najua mwalimu aliyesoma kimyakimya hadi akamaliza, halafu alipopeleka cheti abadilishiwe muundo wa utumishi akaulizwa ruhusa iko wapi. Alihangaika na faili lake muda mrefu, shahada anayo, mshahara uko palepale.

Na yule mwalimu wangu wa simu, swali lake la mwisho lilikuwa achukue masomo mangapi mwaka wa kwanza. Uzuri wa Huria ni kwamba unajisajili kadiri ya nguvu na fedha zako. Nilimuuliza anafundisha darasa la ngapi. Akasema la saba. Nikamwambia mwaka huu achukue machache, maana kuanzia Julai hatakuwa na jioni yake mwenyewe mpaka watoto wafanye mtihani wao Septemba, na mwakani akiomba kubadilishiwa darasa aongeze. Jumamosi hii anakuja Nansio, tutakaa naye saa nne.