Kabla hujauliza AC ya hospawa ngapi, leta ramani

Juzi dada mmoja wa Bagamoyo alinitumia ramani ya nyumba yake, akitaka kujua vyumba vitatu vifungwe AC za hospawa ngapi. Nikaitazama. Bati limefichwa nyuma ya ukuta, upenu hakuna, kioo kikubwa cha sebule kinatazama magharibi. Alama ya kaskazini haipo, yaani aliyechora hakujali jua linazama wapi. Dada yangu, hiyo nyumba utaijazia Luku mpaka uichukie.

Mimi nimejenga Kigamboni, na nilichekwa. Shemeji yangu alisimama kwenye msingi akauliza mbele ya mafundi, "Shem, hii nyumba au darasa la shule ya msingi?" Kisa nyumba ni ndefu, nyembamba, ina baraza upande mzima, matofali ya matundu kwenye korido, na kila chumba kina madirisha kwenye kuta mbili. Neno lile sijalisahau. Kila Desemba anakuja na familia, na anayekoroma barazani mchana kutwa ni yeye.

Nililenga nini? Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita linakaribia utosini. Kuta za kaskazini na kusini zinakingwa na upenu wa kawaida tu. Tabu ni jua la asubuhi na la alasiri, linaloingia chinichini, upenu usilifikie. Ndiyo maana nyumba yangu nimeilaza mashariki-magharibi, na ule ukuta mfupi wa magharibi nikaupa stoo na choo. Kuta ndefu zinapokea upepo wa kaskazi kuanzia Desemba, na wa kusi baada ya masika.

Upepo ndio kila kitu Pwani. Joto letu lina unyevu na usiku halishuki sana. Jasho lisipopeperushwa halikauki, hata ukuta uwe mnene vipi. Sasa mtu ananunua dirisha la alumini la kusukuma, ambalo nusu yake haifunguki kamwe, anaiita kisasa! Weka luva, lile dirisha la vipande vya kioo vinavyofunguka vyote. Mbu wana wavu wao. Upepo uwe na pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja ni tundu tu. Na juu ya dari acha matundu, hewa iliyopikwa na bati itoke, na bati lenyewe liwe jeupe, siyo hilo jeusi mnalolipenda kwa sababu limetoka vizuri Instagram. Tunajenga kwa ajili ya wapita njia, jamani, halafu tunalala sisi.

Ninyi wa Njombe na Makete msininakili. Kwenu upepo ni wa kufungiwa nje, kuta nene ndiyo mali, na dirisha kubwa litazame kaskazini, maana Juni, baridi ikiuma, ndiko jua liliko.