Anza na risasi, si bunduki

Ndugu, nimekuelewa: umenunua bunduki ya Anschütz ya kulengea shabaha, ya risasi ndogo za .22, iliyotumika, ukaambiwa haikosei, lakini kwenye mita 50 matundu yanatawanyika. Tafadhali usiiuze! Yangu ndiyo bunduki yenye shabaha kuliko zote nilizowahi kushika, nayo ilinisumbua hivyohivyo hadi nilipobadilisha risasi. Kila mtutu una risasi unazozipenda, na hata za kampuni moja hutofautiana toleo kwa toleo, yaani kundi moja lililotengenezwa pamoja na jingine. Nunua boksi mojamoja za matoleo manne, egemeza bunduki, piga kumikumi, ulinganishe. Kwenye karatasi ya shabaha ya mita 50, duara la katikati lenye alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu, kwa hiyo tofauti utaiona.

Kabla ya hapo, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, kisha angalia kama skrubu zinazoshika bunduki kwenye mbao zimelegea. Kifyatulio usikiguse, mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni.